Waziri wa Wanawake, Watoto na Wazee (Tanzania)

Waziri wa Wanawake, Watoto na Wazee ni namna ya kawaida ya kumtaja mjumbe wa Baraza la Mawaziri nchini Tanzania aliyekabidhiwa mambo ya maendeleo ya jamii, jinsia, ulinzi wa watoto na ustawi wa wazee. Jina rasmi la cheo hicho limebadilika mara nyingi. Tangu Januari 2022 wizara yake kwa upande wa Tanzania Bara inaitwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Zanzibar ina wizara yake na waziri wake, kwa kuwa mambo haya si ya Muungano.

Watu wanaoguswa na wizara hiyo ni wengi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini kote. Kati yao 31,687,990 walikuwa wa jinsia ya kike. Wenye umri chini ya miaka 18 ni karibu nusu ya wananchi wote, na wazee wa miaka 60 na zaidi walikuwa 3,491,983, sawa na asilimia 5.7.

Hata hivyo sheria nyingi zinazogusa maisha ya makundi hayo ziko mikononi mwa mawaziri wengine. Umri wa kuoa na kuolewa, mirathi, ardhi, matibabu, shule na ruzuku za kaya maskini vyote vina wizara zake. Kwa sababu hiyo waziri huyu ana kazi kubwa ya kuratibu, kushauri na kuhimiza, na madaraka machache ya kuamuru. Jambo hilo linasaidia kueleza kwa nini baadhi ya masuala yake yamesonga mbele na mengine yamekwama kwa miaka mingi.

Nafasi yake katika katiba

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 haitaji waziri wa wanawake, watoto au wazee. Ibara ya 55 inasema tu kwamba mawaziri huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, na kwamba huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Rais ndiye anayeamua ziwepo wizara ngapi, ziitweje na kila moja ishughulike na nini. Mgawanyo huo hutangazwa katika Gazeti la Serikali.

Ndiyo maana wizara inaweza kuundwa, kuunganishwa na nyingine au kugawanywa bila Bunge kutunga sheria mpya. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya watoto, kwa mfano, haimtaji waziri kwa jina la wizara yake. Inamtaja waziri mwenye dhamana ya mambo ya watoto, yeyote yule atakayekuwa. Wizara ikibadilishwa jina, sheria inaendelea kufanya kazi kama kawaida.

Waziri husaidiwa na naibu waziri, ambaye pia ni mbunge, na katibu mkuu, ambaye ni mtumishi wa umma na msimamizi wa fedha za wizara. Kila mwaka, kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, waziri husoma hotuba ya bajeti bungeni Dodoma na kujibu hoja za wabunge. Bajeti hiyo hupitiwa kwanza na kamati ya kudumu ya Bunge.

Historia ya wizara Tanzania Bara

Kazi ya maendeleo ya jamii ni ya zamani kuliko wizara yenyewe. Baada ya uhuru mwaka 1961 maofisa wa maendeleo walipelekwa vijijini kuhimiza elimu ya watu wazima, usafi, ushirika na ujenzi wa kujitolea. Katika serikali za mwanzo Lucy Lameck na Bibi Titi Mohamed walishika nafasi za uongozi katika eneo hilo, ingawa hawakuwa mawaziri kamili. Bibi Titi alikuwa pia mwenyekiti wa kwanza wa Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1962. Mawaziri kamili wa kwanza wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning, waliteuliwa mwaka 1975, mmoja akipewa ardhi na mwingine sheria.

Wizara yenye neno "wanawake" katika jina lake iliundwa mwaka 1990: Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Wanawake na Watoto. Tanzania ilikuwa imeridhia mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na mwaka 1991 iliridhia ule wa haki za mtoto. Serikali ilihitaji mahali pamoja pa kusimamia ahadi hizo na kutoa taarifa zake. Katika miaka iliyofuata wizara ilitoa sera kadhaa, zikiwemo Sera ya Maendeleo ya Jamii na Sera ya Maendeleo ya Mtoto za mwaka 1996, na Sera ya Maendeleo ya Wanawake na Jinsia ya mwaka 2000.

Baadaye neno "jinsia" lilichukua nafasi ya "wanawake" katika jina la wizara. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana yake. "Wanawake" hutaja kundi la watu. "Jinsia" hutaja uhusiano kati ya wanawake na wanaume katika kazi, mali na maamuzi. Kwa mtazamo huo wanaume nao wanahusika, na kila wizara inatakiwa kujiuliza mipango yake inawafikiaje wote wawili.

Miongoni mwa walioshika wizara hiyo ni Mary Nagu katika miaka ya 1990 na Asha-Rose Migiro kuanzia 2000. Migiro alihamia Mambo ya Nje mwaka 2006, kisha akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Walifuata Sofia Simba, Margaret Sitta, na Simba tena hadi mwaka 2015.

Wazee hawakuwa chini ya wizara hii kwa muda mrefu. Mambo yao yalifuata Idara ya Ustawi wa Jamii, ambayo ilihamishwa mara kadhaa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitolewa na wizara iliyoshughulikia kazi, vijana na michezo. Baadaye ustawi wa jamii uliwekwa pamoja na afya. Desemba 2015 Rais John Magufuli, katika kupunguza idadi ya wizara, aliunganisha yote na kuunda Wizara ya Afya, Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto chini ya Ummy Mwalimu. Desemba 2020 nafasi yake ilichukuliwa na Dorothy Gwajima, ambaye kitaaluma ni daktari.

Muungano huo ulikuwa na faida na hasara. Hospitali na maofisa ustawi walikuwa chini ya paa moja, jambo lililorahisisha kuwahudumia watoto na wanawake waliofanyiwa ukatili. Lakini afya ni wizara kubwa yenye dharura kila siku, na mambo mengine yalikuwa katika hatari ya kufunikwa nayo. Januari 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizitenganisha. Ummy Mwalimu alirudi Afya, na Gwajima akapewa wizara mpya ya maendeleo ya jamii. Wizara hiyo ilikabidhiwa pia wafanyabiashara wadogo, maarufu kama wamachinga.

Maneno "makundi maalum" yaliyoongezwa katika jina hilo huwachanganya wasomaji wengi. Watu wenye ulemavu, ambao wengi hudhani wamo, wamekuwa na dawati lao katika Ofisi ya Waziri Mkuu.

Zanzibar

Waziri wa Zanzibar huteuliwa na Rais wa Zanzibar kutoka miongoni mwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi, na huwajibika kwa Baraza hilo. Waziri wa Bara hana mamlaka Unguja wala Pemba, ingawa wawili hao hushirikiana katika mikutano ya kimataifa na katika maadhimisho.

Kuanzia mwaka 2000 hadi 2005 wizara iliyohusika na ajira kwa vijana, wanawake na watoto iliongozwa na Samia Suluhu Hassan, ambaye mwaka 2021 alikuwa Rais wa kwanza mwanamke wa Tanzania. Mwaka 2005 Zanzibar iliifuta sheria iliyoruhusu kumfunga jela msichana aliyepata mimba nje ya ndoa, na mahali pake ikawekwa sheria ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja.

Waliofuata katika miaka ya baadaye ni pamoja na Zainab Omar Mohamed, na Moudline Cyrus Castico aliyeongoza Wizara ya Kazi, Uwezeshaji, Wazee, Wanawake na Watoto kuanzia 2016 hadi 2020. Mwaka 2021 majukumu hayo yaliwekwa pamoja na afya chini ya Nassor Ahmed Mazrui, mmoja wa wanaume wachache waliowahi kukabidhiwa mambo haya. Mwaka 2022 yalitengwa tena na kupewa Riziki Pembe Juma, katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wazee na Watoto. Katika kipindi hichohicho, basi, Bara na Zanzibar zote ziliyaweka mambo haya pamoja na afya, kisha zote zikayatoa.

Majukumu kwa watoto

Eneo ambalo waziri wa Bara ana nguvu zaidi ya kisheria ni la watoto. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Imeweka wajibu wa wazazi wa kumlea, kumlisha, kumsomesha na kumtibu, na inakataza kumbagua kwa sababu ya jinsia, dini au ulemavu. Chini ya sheria hiyo waziri hutunga kanuni kuhusu makao ya watoto, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, malezi ya kambo na kuasili. Makao hayawezi kufunguliwa bila leseni, na kuasili mtoto hukamilishwa kwa amri ya Mahakama Kuu. Zanzibar ilitunga Sheria ya Watoto yake mwaka 2011.

Msukumo mkubwa wa ulinzi wa watoto ulitokana na utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011. Utafiti huo ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 hivi kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Aghalabu waliowafanyia hivyo walikuwa watu wanaowafahamu.

Baada ya hapo serikali iliandaa Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, unaojulikana kwa kifupi kama MTAKUWWA, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Mpango huo uliunganisha mipango kadhaa iliyokuwa imetawanyika na kuweka kamati za ulinzi kuanzia kijiji na mtaa hadi taifa. Katika kamati ya kijiji au kata hukaa pamoja ofisa maendeleo ya jamii, ofisa ustawi, mwalimu, mhudumu wa afya, polisi, viongozi wa dini na wawakilishi wa wananchi. Lengo ni kwamba taarifa ya mtoto mmoja isipotee njiani kati ya ofisi moja na nyingine.

Majukumu kwa wanawake

Kwa wanawake kazi ya wizara imegawanyika sehemu mbili: kupambana na ukatili na kuinua uchumi wao.

Katika ukatili, mfano unaotajwa mara nyingi ni ukeketaji. Tangu mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa katika utafiti wa 2015/16, na asilimia 8 katika ule wa 2022. Mikoa ya Manyara, Dodoma, Arusha na Mara huwa na viwango vya juu. Ukamataji na mashtaka ni kazi ya polisi na waendesha mashtaka. Wizara hujishughulisha na elimu kwa jamii, mazungumzo na wazee wa mila, na hifadhi ya wasichana wanaokimbia nyumbani msimu wa kukeketa unapofika.

Katika uchumi, Mfuko wa Maendeleo ya Wanawake ulianzishwa miaka ya 1990 kuwakopesha wanawake wasio na dhamana ya benki. Mwaka 2009 ilifunguliwa Benki ya Wanawake Tanzania, lakini haikudumu. Mwaka 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta. Mkopo ulioenea zaidi ni ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri, ambao tangu 2018 uko katika sheria: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ukarejeshwa mwaka 2024. Maofisa maendeleo ya jamii ndio wanaoviandaa vikundi, lakini fedha ni za halmashauri, na halmashauri ziko chini ya Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Majukumu kwa wazee

Sera ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Inaahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, nafasi katika vyombo vya maamuzi na ulinzi dhidi ya mauaji. Lakini sera si sheria. Mzee aliyenyimwa kilichoandikwa katika sera hawezi kwenda mahakamani kukidai kama anavyoweza kudai haki iliyo katika sheria. Zaidi ya miaka 20 baada ya sera hiyo, Bara ilikuwa bado haijatunga sheria mahsusi ya wazee. Zanzibar ilitunga yake mwaka 2020.

Serikali huendesha makazi ya wazee wasio na ndugu wa kuwatunza, kama vile Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza na Nunge huko Kigamboni, Dar es Salaam. Zanzibar yapo Sebuleni na Welezo. Makazi haya ni kwa wachache. Msimamo wa sera ni kwamba mahali pa mzee ni nyumbani kwake, katika familia.

Usalama wa wazee ni jambo zito hasa katika mikoa ya kanda ya ziwa na magharibi, ambako wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi. Dalili iliyotumiwa mara nyingi kuwatuhumu ni macho mekundu. Kwa kawaida macho hayo husababishwa na moshi wa kuni au wa kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha, kwa miaka mingi ya kupika. Nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo kuna ugomvi wa mashamba: mjane akiondoka, ardhi inabaki kwa wengine.

Tofauti iliyo wazi zaidi kati ya pande mbili za Muungano ni pensheni. Aprili 2016 Zanzibar ilianza Pensheni Jamii, malipo ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la. Fedha zote hutoka katika bajeti ya Serikali ya Mapinduzi. Wazee zaidi ya 20,000 waliandikishwa kwa msaada wa masheha, na mwaka 2023 malipo yalipandishwa hadi shilingi 50,000. Kwa kuwa sharti kuu ni umri na makazi, mzee hahitaji kuthibitisha kwamba ni maskini.

Bara hakuna mpango wa namna hiyo. Mifuko ya hifadhi ya jamii hulipa waliochangia, na mkulima au mvuvi wa kawaida hakuchangia. Mzee wa miaka 72 anayeishi Wete hupokea malipo yake kila mwezi. Mwenzake wa umri uleule huko Pangani, ng'ambo ya mkondo wa Pemba, hapati kitu ila kama kaya yake imeandikishwa kwenye mpango wa kaya maskini wa TASAF, ambao nao hauko chini ya waziri wa wazee bali uko Ofisi ya Rais.

Mipaka ya madaraka

Mfano unaoeleza vizuri zaidi mipaka ya waziri huyu ni umri wa kuolewa. Sheria ya Mtoto inasema mtu wa chini ya miaka 18 ni mtoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na hata 14 kwa idhini ya mahakama, wakati mvulana anatakiwa awe na miaka 18. Sheria hizo mbili zinatumika kwa pamoja Tanzania Bara. Ya kwanza iko kwa waziri wa watoto. Ya pili iko kwa Waziri wa Katiba na Sheria.

Julai 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha katiba. Serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwanasheria Mkuu alikata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Miaka kadhaa baada ya hukumu hiyo marekebisho yalikuwa bado hayajapitishwa na Bunge; serikali ilieleza kwamba inakusanya maoni ya viongozi wa dini na wananchi.

Wakati huohuo njia nyingine ilipitiwa. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari kukawa kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30. Matokeo yake ni kwamba msichana wa miaka 15 aliye shuleni analindwa na sheria ya elimu, lakini wa umri huohuo aliyeacha shule hana ulinzi huo. Hata uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni ulitangazwa na Waziri wa Elimu.

Mirathi ni mfano mwingine. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 linamweka mtoto wa kike katika daraja la mwisho la warithi, na mjane hapewi nafasi ya kurithi kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzifuta. Wajane wawili walipeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo iliona kwamba Tanzania imevunja wajibu wake.

Kwa upande wa ardhi hali ni afadhali. Sheria mbili za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, na Baraza la Ardhi la Kijiji la wajumbe saba linatakiwa kuwa na wanawake wasiopungua watatu. Sheria hizo nazo ni za Waziri wa Ardhi.

Mpaka wa mwisho ni watumishi. Maofisa maendeleo ya jamii na maofisa ustawi wa jamii walioko katika kata na wilaya huajiriwa na halmashauri. Waziri huwapa miongozo, lakini mishahara, usafiri na upangaji wao wa kazi hutegemea mkurugenzi wa halmashauri na TAMISEMI.

Yapo pia madaraka ambayo ni yake kamili. Usajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, chini ya sheria ya mwaka 2002, umo katika wizara yake, na shirika lililokiuka masharti linaweza kufutwa. Vyuo vya maendeleo ya jamii na Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam viko chini yake pia.

Huduma kwa wananchi

Kwa mwananchi wa kawaida, wizara hii huonekana kupitia ofisi za karibu:

- Ofisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri: matunzo ya mtoto, migogoro ya wazazi, mzee aliyetelekezwa, maombi ya malezi ya kambo.
- Ofisa Maendeleo ya Jamii: usajili wa vikundi na maandalizi ya mikopo ya halmashauri.
- Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi: taarifa za ukatili na fomu ya matibabu ya PF3.
- Vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali: matibabu, ushauri nasaha na huduma ya polisi mahali pamoja.
- Simu namba 116: taarifa za ukatili dhidi ya watoto, bila malipo.
- Sheha, kwa upande wa Zanzibar: uandikishaji wa Pensheni Jamii.

Maadhimisho yanayosimamiwa na wizara kila mwaka ni Siku ya Wanawake Duniani tarehe 8 Machi, Siku ya Mtoto wa Afrika tarehe 16 Juni, Siku ya Wazee Duniani tarehe 1 Oktoba, na siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia kuanzia tarehe 25 Novemba hadi 10 Desemba.